Nimemwachilia, Mama

Mpendwa mama,

Nimevunja ile ahadi. Nakwambia mapema, hata kabla ya salamu, kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka na maneno. Siku ile ukiwa kitandani kwako Gachoka, binti yangu Ciarunji akiwa na miaka mitano, amelala kando yako na miguu yake imekazana kama kawaida, ulinishika mkono ukasema, "Usimwachilie." Nikajibu, "Sitamwachilia, mama." Ukanifanya nirudie mara ya pili. Sasa ana miaka kumi na minne, na nimemwachilia. Tena mbele ya watu, na wala sijuti.

Ngoja nikueleze, maana naona tayari unatafuta leso ya kujifunga kiunoni.

Unakumbuka jinsi jina lake lilivyotaka kuleta vita. Alikuwa binti yangu wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili, alipewa jina lako. Na kwetu mtoto aliyepewa jina lako ni wewe. Mimi baba yake namwita mama, na dada yangu Wanja naye alipaswa kumwita mama. Lakini alipofika miezi minane shingo haijakaza, na daktari akatuambia ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, Wanja alikuja jikoni kwako akasema tumtafutie jina lingine, lako tumwekee msichana atakayefuata. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa jina la mama yake likae kwenye kiti cha magurudumu maisha yote. Wewe ulikuwa unachambua ndengu na hukuinua hata kichwa. "Jina si sufuria ya kuazima," ulisema, "eti ikipata ufa unairudisha."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Ila Wanja hakuwahi kumwita mama. Uji alimpikia, nguo alimfulia, mgongoni alimbeba mpaka akashindwa na uzito, lakini kinywani mwake alikuwa "mtoto" tu. Mtoto amekula? Mtoto amelala? Ulisikia kila mara, na ilikuuma. Ulipoondoka uliniachia uchungu huo pamoja na ahadi.

Nami nikasukuma. Kusukuma nilijifunza kwako. Ile baiskeli nyeusi ya baba uliisukuma kutoka kisimani hadi nyumbani, mitungi minne ya lita ishirini imefungwa kwa mpira, wewe umeinama, jasho linakudondoka puani. Hukuwahi kuipanda hata siku moja. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema kile kiti kilitengenezwa na mtu asiye na makalio. Nilicheka, lakini nilibaki na wazo kwamba mtu akimpenda mwingine humsukumia mzigo mpaka nyumbani. Nilipohamia Meru kikazi nilimsukuma Ciarunji shuleni, kanisani, kliniki, sokoni. Watu walinisifu. Nilizipenda sifa hizo, mama, kwa nini nikufiche?

Kisha jirani akatuambia kwamba kuna kundi hukutana Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja kule Kinoru, na kwamba wana baiskeli za kila aina ya mtu. Nilienda nikiwa na shaka. Nikakuta baiskeli za magurudumu matatu zenye viti vya kuegemea, zingine za kukanyagwa kwa mikono, na moja ndefu ya watu wawili. Kwenye hiyo ndefu, nyuma, alikaa Mzee M'Ikiara, ambaye haoni kabisa, akimfokea kijana aliyekuwa mbele yake: "Mbona unashika breki? Wewe ndio uko na macho, na wewe ndio unaogopa?" Nilijua papo hapo kwamba ungempenda mzee huyo.

Ciarunji aliwekwa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Miguu ilifungwa kwenye pedali kwa mikanda, kifua nacho kikapata mkanda. Nyuma palikuwa na mpini wa kusukumia, na mimi nikaukamata kama niliyezaliwa nao. Tulizunguka kiwanja. Kila pedali ilipogoma, nilisukuma. Nilifanya hivyo Jumamosi nne, nikiamini tunaendelea vizuri, mpaka kocha, dada mmoja mnene mcheshi anayeitwa Mwenda, akanijia.

"Mzazi, hebu achilia kidogo."

"Ataanguka."

"Magurudumu ni tatu, ataanguka aende wapi? Hii msichana iko na nguvu. Ni wewe unaimaliza."

Neno lenyewe lilikuwa hilo hilo lako, achilia. Vidole vyangu vilikataa. Nilimwambia Mwenda kwamba niliahidi. Akanitazama, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na spana. Alifungua nati mbili, akauchomoa mpini wote, akanikabidhi mkononi. Nikabaki nimesimama katikati ya kiwanja nimeshika bomba. Ciarunji akageuza kichwa. Unajua maneno yake hutoka moja moja, kwa jasho.

"Baba. Mimi. Si mtungi."

Sikuwahi kumwambia habari za mitungi yako. Labda Wanja alimwambia. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Siku hiyo alitumia karibu nusu saa kwenda kutoka goli moja hadi lingine. Alisimama mara nyingi, mguu wa kushoto ukikakamaa, akasubiri ulegee, akakanyaga tena. Nilimfuata kwa mbali na bomba langu, mikono ikiniwasha. Alipofika, Mzee M'Ikiara, ambaye hakuona chochote, ndiye aliyepiga makofi kwanza, kwa kuwa alisikia mnyororo umenyamaza pale golini.

Nikueleze yaliyotokea nyumbani tangu hapo, maana wewe ni mtu wa kutaka kuona faida. Analala usiku kucha. Ile misuli iliyokuwa ikimwamsha akilia imelegea, na mtaalamu wa viungo alishika kisigino chake akaniuliza tumebadilisha nini. Anakula ugali wake na kuangalia wangu. Mimi mwenyewe, kwa kukimbia nyuma yake, nimetoboa tundu jipya kwenye mshipi. Lakini kubwa kuliko yote, mama, amepata adui. Anaitwa Makena, wa rika lake, mwenye miguu mizima na mdomo mzima. Kule Kinoru watoto wote huendesha pamoja, hawatengwi, na hawa wawili wanagombania nafasi ya mbele kila Jumamosi. Juzijuzi walinuniana wiki nzima. Miaka kumi na minne watu walikuwa wamemhurumia Ciarunji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunia. Nilifurahi mpaka mke wangu akaniuliza kama niko sawa.

Ndiyo sababu barua hii sikukuandikia faraghani. Kuna mzazi ataisoma akiwa amefunga mlango, mtoto yuko ndani, na yeye anaita hilo upendo. Namjua, maana nilikuwa yeye. Nina hakika na ninachosema. Mtoto huyo ana kazi ya kufanya na miguu yake, hata ikiwa ni robo ya mzunguko wa pedali, na hataifanya mikono yetu ikiwa imeushika mpini.

Sasa sikia ya mwisho, ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Likizo hii Ciarunji alisema anataka kwenda Gachoka na baiskeli. Mwenda akatuazima, tukaipakia kwenye pikapu ya jirani. Wanja, ambaye ndiye amebaki nyumbani kwako, aliitazama ikishushwa akasema, "Kipya kinyemi. Mtoto atachoka tu." Asubuhi yake tulishuka hadi kwenye maji. Ciarunji akaonyesha kikapu kilichoko nyuma ya kiti. Nikaweka mtungi mdogo, wa lita tano. Akatikisa kichwa. Nikaleta wa lita kumi, nikaufunga kwa mpira kama ulivyokuwa ukifunga. Kisha akanielekeza kwa kidevu nikae pale pale kisimani. Nisimfuate.

Njia unaijua. Unajua ule mchanga mwekundu na kile kimlima kabla ya boma. Nilikaa juu ya jiwe nikiwa nimekalia mikono yangu, na sisemi kwa mfano, niliikalia kweli ili isiinuke. Nilimwona akiingia kwenye mchanga, akisimama, akiendelea. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliacha kuteka. Mmoja alianza kwenda kumsukuma, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mama, mwachilie." Ciarunji akapanda kimlima, akapotea nyuma ya ua.

Hapo nikakimbia. Nilifika langoni nikihema, nikakuta baiskeli imesimama uani, maji yakivuja kidogo kwenye kifuniko, na Ciarunji amelowa jasho linalomdondoka puani. Wanja alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Alimtazama yeye, akatazama mtungi, akatazama nyuma yake kutafuta aliyesukuma. Hapakuwa na mtu. Akaweka mwiko chini, akashuka uani, akainama akamfuta uso kwa leso yake.

"Umetuletea maji," alisema. "Karibu nyumbani, mama."

Pumzika vyema. Ule mpini, ambao Mwenda aliniachia, nimeutundika juu ya mlango wako. Maji yale tulipikia ndengu, na jina lako lilikaa nasi mezani.

Ni mimi mwanao,
baba yake Ciarunji