Mdhamini wa Mgeni

Suna, Migori
4 Agosti

Binti yangu Hodan,

Assalaam aleikum warahmatullah. Namwomba Mola barua hii ikukute mzima, wewe, mumeo Abdishakur na watoto. Sisi hatujambo, ila goti langu hunisumbua ninaposujudu. Nimempa Phanice, jirani yako, akuletee kwa mkono, kwa kuwa simu siiamini tena.

Tangu lile shambulio la sokoni, kila nyumba ya ibada imeagizwa kukabidhi daftari la wageni waliolala humo. Jana afisa alikuja msikitini na karatasi isiyo na muhuri wa mahakama. Nikamuuliza ni hakimu gani aliyeagiza. Akanijibu kwa upole, "Mzee, mwenye hana makosa anaogopa nini?" Nikaona haya. Watu kumi na mmoja wamezikwa, nami nabishania muhuri? Nikampa.

Baadaye ndipo nilipokumbuka. Waijua desturi yetu: msafiri halali msikitini mpaka muumini mmoja aandikwe kuwa mdhamini wake. Nasi humwandika yeyote aliye karibu. Mwezi Mei, mlipokuja kunitazama, alifika mchimba dhahabu kutoka Macalder. Nikamwandika Abdishakur, aliyekuwa mlangoni akivaa viatu. Hakumjua mtu yule, wala sikumtaka idhini. Sasa mchimbaji huyo anatafutwa kwa shambulio lile.

Mwambie mumeo. Wala asikimbie, akikimbia watamwona mkosaji.

Baba yako,
Suleman

Kosele
9 Agosti

Baba mpendwa,

Waaleikum salaam. Watoto ni wazima. Goti lako likandwe kwa maji ya moto.

Barua yako ilifika Jumatano asubuhi. Abdishakur aliisoma, akasema hatakimbia kwa kuwa wewe umesema. Adhuhuri wakaja wanne, bila sare, wakamchukua dukani mbele ya wateja. Mmoja alifunga mlango wa duka, akanipa ufunguo kwa adabu, kana kwamba ananisaidia.

Nimekwenda vituo vitatu. Hakuna anayemjua. Katika cha tatu, askari wa mapokezi aliniambia, "Mama, hapa tunaweka washukiwa. Mabwana waliopotea hatuweki." Wenzake wakacheka. Phanice alinishika mkono, akaninong'oneza, "Nyamera, dada yangu, twende, usilie mbele yao."

Baba, wewe peke yako ndiye unayejua jina lake lilivyoingia humo. Nakuomba ukaseme.

Binti yako,
Hodan

Suna, Migori
21 Agosti

Binti yangu,

Amani ya Mola iwe juu yako. Siulizi habari zenu, kwa maana nazijua, nami ndiye niliyezisababisha.

Umengoja jibu siku kumi na mbili. Sikuugua. Niliogopa. Kila pikipiki iliposimama nje, nilikatiza dua na kusikiliza. Nilijiambia kwamba serikali ina wajibu wa kutulinda, na hilo ni kweli, niliwaona waliofiwa. Lakini mlinzi akikataa kusema amempeleka wapi mtu, tutajilinda na yeye kwa nani?

Leo nimekwenda kwa wakili Werema. Anaiomba mahakama iwaamuru polisi wamlete mumeo, akiwa hai, mbele ya jaji. Nimeapa kwamba jina nililiandika mimi, na mgeni nilimpokea mimi. Werema aliweka kalamu chini, akasema, "Mzee, ukisema mgeni ni wako, watakuuliza wewe." Nikamwambia aandike.

Nimetia sahihi. Usiwaambie watoto.

Baba yako,
Suleman

Kosele
2 Septemba

Baba,

Assalaam aleikum. Sijui barua hii niipeleke wapi.

Abdishakur alirudi Ijumaa. Walimshusha barabarani, akatembea hadi nyumbani. Amekonda, na hukaa akiutazama mlango. Nilimtuma Phanice kwako akupe habari njema. Akarudi akisema ulichukuliwa Jumamosi baada ya Alfajiri, ukiwa bado na tasbihi mkononi, na kwamba vituo vyote havikujui.

Werema anataka kupeleka ombi jingine, lako sasa. Anahitaji mtu aape alikofungiwa, alichoulizwa na sura alizoziona. Huyo ni Abdishakur peke yake. Walipomwachilia walimwonya asifungue mdomo.

Asubuhi hii amenyoa ndevu, akavaa kanzu safi, akasema anakwenda Migori. Nimemshika mkono mlangoni, nikamwomba kwa jina la watoto asiende.

Amenitazama, Baba, akanijibu kwa sauti ndogo, "Ulipomwandikia mzee akaseme, ulimwomba kwa jina la nani?"

Nimemwachia mkono.

Binti yako,
Hodan