Jani la Antipasi Shambani Kwangu

Klara rafiki yangu, soma barua hii peke yako.

Jana darasa la jioni, dresa wa zahanati, yule anayefunga vidonda, alituchorea jani ubaoni. Akasema ni bangi, inaharibu akili mpaka mtu anawaogopa ndugu zake.

Jani lile nalijua! Nimelipalilia katikati ya mtama wangu. Mdogo wangu Antipasi, aliporudi kutoka mashamba ya mkonge, alilipanda akaniambia ni dawa ya mbuzi. Dawa ya mbuzi, Klara!

Alipoanza kuongea peke yake nilifunga siku saba, nikiomba pepo limtoke. Naomba, kisha naenda kulimwagilia maji jani lile.

Leo asubuhi nimeling'oa lote. Antipasi akanijia na jembe.

"Wewe mama, nani amekutuma hapa?"

"Ni mimi Dorika, dada yako."

"Dada yangu alikufa."

Aliniangalia machoni akasema hivyo. Nimepiga magoti, sala haitoki.