Karatasi ya Watu Watatu

Jumatatu, 9 Juni
Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Miguu imevimba tena. Nikibonyeza, alama ya kidole inabaki. Binti yangu Kavira amenipima tansion, presha ya damu, akaandika namba bila kunionyesha. Najua maana yake.

Saa nne simu ililia. Masika, kutoka Butembo. Anakuja Goma kutibiwa macho, atafikia kwa mpwa wake kule mtaa wa Mapendo. Barabara yetu imefungwa, kwa hiyo anazunguka Uganda, mama wa miaka sabini na minne. Ijumaa atapita hapa kwetu Katoyi kunisalimia. Ana swali moja. Kaka yake Kasereka alibaki mji gani kule Rwanda? Macho yakipona anataka kwenda kumtafuta, au walau kuwaona watoto wake.

Nilimwambia simu inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Naogopa.

Jumanne, 10 Juni
Sikulala vizuri. Daktari alisema moyo umechoka: labda wiki, labda miezi. Kifo hakinitishi kama Ijumaa inavyonitisha. Naandika hapa kwanza. Mdomo ukishindwa, daftari litabaki.

Tulikuwa walimu watatu wa shule moja. Kasereka, Bahati wa upande wa Bukavu, na mimi. Ilikuwa likizo, tarehe 14 Agosti, kesho yake Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Tulitaka kuona mlima ule wa upande wa Rwanda wenye ziwa dogo kileleni. Mpakani tulipewa karatasi moja ya siku moja, yenye majina matatu. Mimi niliibeba. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule: mkubwa wa kundi anashika karatasi ya wote na kujibu kwa niaba ya wote. Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Waliniita muzee kwa utani.

Shemeji yake Bahati alitupeleka na kamioneti yake. Mikate, sardini, chupa mbili za maji. Tulipanda kwenye mianzi, kisha kwenye upupu unaochoma hata juu ya suruali. Kasereka alipanda mbele akiimba nyimbo za misa vibaya makusudi. Alinigeukia akasema, "Muzee Paluku, unahema kama ng'ombe wa Masisi." Bahati alicheka mpaka akakaa chini.

Juu, ziwa lilikuwa jeusi na tulivu. Ng'ambo yake tuliiona nchi yetu wenyewe. Kasereka alisema tukizunguka lile ziwa tutakuwa nyumbani bila muhuri wa mutu yeyote.

Sijapata tena kuwa na furaha ya namna ile. Naacha hapa.

Jumatano, 11 Juni
Nimejaribu kuandika asubuhi nikashindwa. Sasa ni saa tisa.

Tukishuka, mvua ya mawe. Njia ikawa matope. Kasereka aliteleza, goti likageuka. Hakuweza kukanyaga. Tulimburuta kidogo, akapiga kelele, tukamweka chini ya mti. Ilikuwa saa nane. Barieri ya mpakani inafungwa saa kumi na mbili, na kamioneti ilikuwa mbali chini. Karatasi ikipitwa na saa, tunalala ndani na barua inakwenda kwa wakubwa wa shule. Mwezi ule nilikuwa natazamiwa kufanywa prefe, mkuu wa shule. Naandika sababu ile ile, si nyingine.

Bahati alitaka kubaki. Nilimwamuru ashuke. Nilimwambia Kasereka tutatuma watu wa kijijini wambebe.

Hakulia. Alisema tu, "Paluku, uniachie karatasi."

Lakini karatasi ilikuwa moja. Nilishuka nayo.

Kijijini kila mtu alikuwa amejifungia kwa mvua. Niligonga mlango mmoja. Hawakufungua. Sikugonga wa pili.

Mpakani tulifika zikiwa zimebaki dakika chache. Askari aliuliza, wa tatu yuko wapi? Nilijibu: ametangulia, amevuka na mama mmoja wa viazi. Alipiga muhuri. Kwa karatasi ile Kasereka alikuwa amerudi Congo salama, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtafuta ng'ambo. Mimi sikuweza kurudi kumtafuta bila kusema kwamba nimedanganya.

Baada ya siku nane, muuza viazi wa ng'ambo alisimulia sokoni. Walinzi wa msitu walimkuta kijana chini ya mti, amekufa kwa baridi usiku ule wa mvua ya mawe. Hana karatasi, hana jina. Walimzika palepale.

Kwa askari nilisema amerudi. Kwa mama yake niliandika amebaki, amepata kazi nzuri. Bahati alinyamaza mpaka alipokufa. Karatasi niliificha miaka mingi. Iliungua pamoja na nyumba yetu lava ya volkano iliposhuka. Nilifurahi. Naandika hivyo: nilifurahi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwomba Kavira ampigie Masika, aseme nimezidiwa, asije. Amekataa. "Papa, huyu mama anazunguka Uganda nzima ili akuone."

Kifua kinabana. Naomba Mungu anichukue kabla ya kesho. Ni sala ya mwoga, naijua.

Ijumaa, 13 Juni
Amekuja. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, jicho moja limefunikwa bandeji. Alinishika mkono akaniita yaya, kaka mkubwa.

Nilisema yote. Sikusoma daftari. Kavira alisimama mlangoni, sikuweza kumtazama.

Masika akauliza kama Kasereka alikuwa na koti. Nikasema hapana, shati tu la mikono mirefu.

Akaniambia habari ya mama yao. Alimkasirikia Kasereka mpaka kufa: mtoto aliyepata kazi akasahau wazazi. Alikataza jina lake lisitajwe mezani. Na kwa kuwa anahesabiwa mzima, hakuna aliyelia matanga yake, hakuna misa iliyosomwa.

"Mama alimulaani mutoto mwenye alikuwa chini ya udongo," alisema.

Akaondoka. Hakuaga.

Nilidhani kusema kutapunguza hofu. Imeongezeka.

Jumapili, 15 Juni
Masika alirudi baada ya misa. Hakunisalimia. Alimwomba Kavira atoe viti vyote nje na kutandika mkeka sebuleni. Kavira alifanya bila kuuliza.

Kisha Masika akanipa kipande cha karatasi. Anataka kukipeleka kwa padri, Kasereka aombewe pamoja na marehemu. "Andika wewe. Wewe ndiye mwalimu."

Niliandika jina la Kasereka na majina ya baba na mama yake.

"Andika na siku."

Wao hawaijui; Ijumaa sikuitaja. Tangu Bahati afe, duniani nimebaki mimi peke yangu ninayeijua. Niliandika tarehe 14 Agosti, na mwaka. Mwandiko umepinda lakini unasomeka.

Aliisogeza karibu na jicho lake zima, akaisoma kwa sauti, mara mbili. Halafu akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye mkeka, akaanza kulia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya matanga.

Kavira alinisaidia kushuka chini. Nilikaa upande wa pili wa mkeka. Hakunifukuza.