Kimya cha Darasani

Dada Zuhura, shikamoo.

Huku London mvua haikatiki, nami nimefura kwa hasira. Kwenye semina ya walimu leo, mhadhiri wa saikolojia alisema mtoto wa Kijapani akinyamaza darasani anatafakari, eti ndiyo falsafa yao. Nikauliza, "Na wa Kitanzania akinyamaza?"

"Huyo hajui lugha," akajibu bila haya.

Nikasimama. "Hajui Kiingereza! Muulize kwa lugha yake uone atakavyokujibu."

Mwalimu mmoja Mjapani naye akainuka. "Mimi nilinyamaza shuleni kwa woga. Msiuite woga wangu falsafa."

Tulitoka pamoja tukala chapati za moto mtaa wa Kingsbury, bado tunafoka. Nibusie mwanao Asha, na umwache aulize maswali mpaka akuchoshe.

Mdogo wako, Tatu