Flashi ya Mama

12 Machi

Mama mpenzi,

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila baridi la huku linanionea.

Kaka kaniambia mkewe, wifi yangu, amekukataza kompyuta yake ya kazi, eti utaiharibu. Usigombane naye. Nakutumia flashi hii; ndani yake mna mfumo mzima wa kompyuta, pamoja na programu ya kuandikia nyimbo. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyezabonyeza F12, chagua USB. Ukimaliza, zima na uchomoe. Vitu vya wifi havitaguswa. Kwaya inausubiri wimbo wa mwalimu wake.

Kitinda mimba wako

2 Aprili

Mwanangu,

Goti limetulia, ni moyo unaouma. Mkwe alikubali shingo upande, akasimama nyuma yangu kama askari. Flashi ikawaka! Nikaandika wimbo wote, sauti ya kwanza hadi ya nne. Asubuhi nikawasha tena: peupe, hata nota moja hakuna. Mkwe akasema, "Si nilisema, Mama?" Nimeitupia kabatini. Mambo haya yamenipita umri.

Mama yako

20 Aprili

Mama,

Pole sana. Umri hauhusiki hata kidogo. Sikutenga nafasi ya kuhifadhi, ndiyo maana ukizima inasahau kila kitu. Hii mpya ninayokutumia inakumbuka: niliandika jina lako, nikazima, nikawasha, nikalikuta. Jaribu tena, hata ubeti mmoja tu.

Kitinda mimba

25 Mei

Mama, u mzima kweli? Kimya chako kinanitia wasiwasi. Au umenikasirikia?

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Tu wazima wote, ondoa hofu. Nilibanwa na wimbo, halafu kompyuta ya mkwe ikawa inawaka taa tu bila kufunguka, na ripoti yake ya kazi ilitakiwa siku ileile. Nilimkuta kakaa sakafuni analia. Nikamletea flashi yako mpya.

"Mama, si imekufa hii?"

"Wewe bonyeza tu."

Ikawaka! Tukaingia kwenye mafaili yake kupitia flashi, ripoti hiyo hapo, akaimalizia. Kisha akauliza, "Na hili faili la nini?"

Nikamwambia ni wimbo wangu, nimeuandika upya usiku yeye akiwa amelala, ila sauti ya pili imenishinda. Kumbe alikuwa mwimbaji shuleni! Akanivutia kiti. "Hapa pashuke kidogo, Mama." Tulibishania nota ile mpaka kaka yako akatukimbia.

Jana kwaya iliuimba. Mkwe alisimama mstari wa pili, akawahi kuingia, akanyamaza, kisha akaingia kwa sauti iliyowafunika wote. Nilicheka huku nikiongoza.

Anaomba umtumie flashi yake mwenyewe. Fanya haraka, maana hii yangu hanirudishii.

Mama yako