Dale Alipoulalia Mpira

S.L.P. 41,
Harlow Creek, Nebraska.
8 Novemba 1987

Mpendwa kaka yangu Verlin,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya Alaska? Wifi Opal hajambo? Sisi ni wazima, ila sauti yangu imekauka kwa kelele za Ijumaa, na wapo mjini wanaomshukuru Mungu kwa hilo.

Unajua shule yetu inafungwa mwezi Mei. Ijumaa ilikuwa mechi ya mtoano ya mpira wetu wa Kimarekani, huu wa kubeba mikononi. Tungeshindwa, timu ya Harlow Creek ingekuwa imekwisha milele.

Tuliongoza kwa pointi moja, dakika za mwisho, karibu na mstari wetu wenyewe wa goli. Teddy, mrushaji wetu, aliinua mkono kutoa pasi, akagongwa, mpira ukadondoka. Vijana wetu wakasimama wakipunga mikono: pasi haikukamilika, mchezo umekufa! Hata wapinzani walizubaa. Mwanangu Dale peke yake aliruka akaulalia.

Refa akaamua kwamba mpira ulimponyoka Teddy. Nikapanda juu ya benchi.

"Refa, kipofu wee! Mkono ulikuwa unakwenda mbele!"

"Norma, keti!" Jirani yetu Bibi Hruska akanivuta koti. "Mpira si tunao? Unamgombeza wa nini?"

Jana kocha alituonyesha filamu ya mechi. Mkono ukishaanza kwenda mbele na mpira, hata ukigongwa ni pasi tu, na mchezo unasimama. Ukigongwa kabla ya hapo, mpira ni wa atakayeuwahi. Mkono wa Teddy ulikuwa bado nyuma. Refa alisema kweli, nami nitaandika hivyo kwenye safu yangu ya gazeti. Lakini kanuni inayomtaka binadamu apime nusu ya kufumba jicho ni ya kipuuzi, na nitabishana na yeyote!

Nilimuuliza Dale kwa nini hakusimama kama wenzake.

"Mjomba alinifundisha, Mama. Alisema, 'Ulalie kwanza, ubishane ukiwa umeulalia.'"

Kumbe ndiyo kazi mliyokuwa mkifanya uani kiangazi kile, mkinivunjia minyanya! Asante, kaka. Asante kwa kila mche. Mpinzani angeuokota ule mpira, angebakiza hatua chache tu kutufunga.

Dale na baba yake Merle wanakusalimu. Bibi Hruska anauliza mbona dada yako hukumfundisha kunyamaza. Mbusu Opal kwa niaba yangu, na Mungu awalinde huko barafuni.

Ijumaa tunacheza tena. Ijumaa hiyo tumeipata kwako.

Dada yako akupendaye hata tukigombana,
Norma