Sikio la Paka wa Gangaben

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika Kwihara, mwezi Mei 1976.

Ulikuwa bwana mifugo. Siku za kazi ulikuwa na ng'ombe wa vijiji vya ujamaa vya upande wa Usoke. Jumamosi ilikuwa ya paka wa mjini. Kaptura zako ulizipiga pasi mwenyewe.

Ulirudi kutoka masomoni na karatasi nyeusi za plastiki zinazobadilika rangi kwa joto. Ulitueleza kwamba paka weupe hupata kansa ya ngozi masikioni kwa sababu ya jua, na kwamba mahali penye kansa panaweza kuwa na joto zaidi kabla kidonda hakijaonekana. Joto likizidi, karatasi hugeuka buluu.

Mtaa wa Chemchem, kwenye duka la nafaka la mjane Gangaben, karatasi iligeuka buluu kwenye sikio la paka wake. Ukakata ncha ya sikio. Hadubini ikaonyesha ngozi isiyo na ugonjwa. Paka alikuwa ametoka kulala juu ya bati juani, nawe hukumpumzisha kwanza kivulini, kama ulivyokuwa ukifundisha wengine.

Gangaben, asiyejua majibu ya hadubini, alituletea sahani ya ladu, vile vitamu vya Kihindi, kwa shukrani. Wewe hukugusa.

"Sikio la paka tu, Baba Raymundi," Mama alisema. "Nani atauliza?"

"Nimeshauliza mimi."

Ulikwenda dukani kumwambia Gangaben mbele ya wateja.

"Kwa hiyo umekata bure?"

"Bure, mama. Nisamehe."

Mabruki, muuza nyama, akaangua kicheko: "Bwana mifugo, ng'ombe wangu usiwapime mkia!"

Toka siku ile mtaa ulikuita Kata-Sikio. Uliitika.

Paka hawakuletwa tena, mpaka Gangaben mwenyewe alipokuja na mwingine kwenye kikapu. "Huyu ameshinda ndani," alisema. "Mpime. Ukikosea, najua utaniambia." Hukuweza kumtazama usoni. Karatasi iligeuka buluu, ukakata, na safari hii hadubini ilithibitisha kansa. Paka huyo yupo dukani hadi leo.

Unakumbukwa na mkeo Koleta, aliyekushauri unyamaze. Mwanao Raymundi, aliyewaambia wenzake shuleni kwamba Kata-Sikio ni jirani tu. Na binti yako Minza, aliyekuwa akipita njia ya nyuma ili asionekane nawe. Hakuna kati yetu aliyekuomba radhi ungali hai.

Tutakukumbuka siku zetu zote.